Theluthi Ile Haiuzwi

Mama mmoja wa kijiji cha New Congo, hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alinijia jioni moja akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya fundo la kitenge. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule. Juu paliandikwa jina la mwanawe, katikati neno Mbarara, na chini namba moja: 600,000. Mtu aliyejitambulisha kuwa ana watu wake ndani ya gereza alimwambia kwamba kwa shilingi laki sita kijana atapunguziwa mwaka mzima wa kifungo. Mama alikuwa ameshauza mbuzi wawili na mahindi ya msimu. Zilipungua laki mbili. Alikuja kuniomba nimkopeshe.

Nikamuuliza kijana amefungwa miaka mingapi. Akasema mitatu. Nikamwambia, "Mama, huo mwaka unaouziwa ni wa mwanao tayari. Alihesabiwa siku ile ile alipoingia."

Hakuniamini. Sikumlaumu. Wengi wetu hapa tumetoka katika nchi ambazo ukitaka kutoka gerezani mapema ni lazima uombe, na anayeombwa hunyoosha mkono. Kule Kongo kuna ule utaratibu wa kuachiliwa kwa masharti: mfungwa akishamaliza robo ya kifungo, na akawa amekaa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuombewa, na uamuzi uko kwa waziri wa sheria. Ni jambo la kuomba na kungoja. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akifika Uganda na kusikia habari ya kupunguziwa kifungo, anafikiri mara moja juu ya faili, bahasha na mtu wa kumjua. Wale matapeli wanaozungukazunguka Base Camp na kwenye stendi ya Mbarara wanalijua hilo kuliko sisi.

Sheria ya Magereza ya Uganda ya mwaka 2006 inasema hivi, kwa maneno yangu: mtu aliyehukumiwa kifungo kinachozidi mwezi mmoja anaweza, kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema, kupata punguzo la theluthi moja ya kifungo chake. Halafu linakuja jambo ambalo ningependa kila mama wa Juru, Rubondo na Base Camp alijue. Mfungwa anapopokelewa gerezani, theluthi hiyo yote huandikwa kwake palepale, kana kwamba ameshaipata. Kuanzia hapo hana kazi ya kuitafuta. Kazi yake ni kuilinda isinyofolewe. Ni kama mtu aliyekabidhiwa gunia limejaa maharagwe na kuambiwa, hili ni lako, ila kila ukikosa tutachota.

Tanzania wana sheria kama hiyo, ndiyo maana katika matangazo ya msamaha wa Rais kule utasikia habari ya punguzo la kawaida la theluthi moja. Kenya nao wana theluthi yao. Wote tulirithi mpango huo kutoka magereza ya Waingereza. Wafungwa wa Mbarara huliita punguzo hilo rimisheni, na ukiingia pale ukitaja rimisheni hata askari aliyesimama langoni atakuelewa. Wala sheria haimuulizi mfungwa alizaliwa wapi. Mkimbizi mwenye kadi ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na Munyankole wa Isingiro wanahesabiwa theluthi moja ileile.

Niliichukua ile karatasi ya mama, nikaigeuza upande mweupe, tukaanza kuhesabu pamoja kwa kalamu ya mtoto. Kijana alikamatwa tarehe 10 Juni 2022 kwa kumjeruhi jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Alikaa mahabusu miezi tisa. Tarehe 10 Machi 2023 akahukumiwa miaka mitatu. Miaka mitatu ni miezi 36. Theluthi yake ni miezi 12. Inabaki miezi 24, kwa hiyo angetoka mwanzoni mwa Machi 2025. Mama aliishika ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo lilinipa kazi ya wiki tatu zilizofuata: "Na ile miezi tisa ya mwanzo, imekwenda wapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha mambo, na nitalikalia kidogo, kwa sababu familia nyingi hupoteza miezi hapa kuliko mahali pengine popote.

Katiba ya Uganda, ibara ya 23(8), inasema kwamba muda mtu aliokaa kizuizini kabla kesi yake haijamalizika lazima uzingatiwe wakati wa kutoa adhabu. Kwa miaka mingi mahakimu waliandika tu kwamba wameuzingatia, na hakuna aliyejua umezingatiwa vipi. Tarehe 3 Machi 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rwabugande Moses dhidi ya Uganda, ikasema kuzingatia maana yake ni kutoa kwa hesabu. Unachukua miaka, unaondoa siku za mahabusu, unaandika kilichobaki. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Abelle Asuman, mahakama hiyohiyo ikafafanua kwamba hukumu zilizotolewa kabla ya Rwabugande hazipimwi kwa kipimo hicho. Kwa hiyo kama ndugu yako alihukumiwa mwaka 2014, hoja yake ni nyembamba. Kama alihukumiwa baada ya Machi 2017, ana pa kusimama.

Turudi kwa kijana wetu. Hakimu akitoa miezi tisa kwanza, kifungo kinakuwa miezi 27. Theluthi ya 27 ni 9. Anatumikia miezi 18 tangu siku ya hukumu, anatoka Septemba 2024. Asipoitoa, anatoka Machi 2025. Ni miezi sita ya maisha ya mtu, na imetegemea mstari mmoja katika hati.

Sasa shika hili: gereza halisomi kesi, linasoma hati. Ofisa wa kumbukumbu pale gerezani anapokea hati ya kifungo kutoka mahakamani, anaangalia muda ulioandikwa na tarehe ya kuanza, anapiga hesabu ya theluthi, anaandika tarehe mbili kwenye kadi ya mfungwa. Moja ni tarehe ya mwisho kabisa ya kifungo kama punguzo lote litapotea, nyingine ni tarehe ya mapema ambayo atatoka akilinda kilicho chake. Hii ya mapema wafungwa huiita EPD, na kila mmoja anaijua yake kama anavyolijua jina la mama yake. Hakimu akisahau kuandika miezi ya mahabusu, ofisa huyo hana mamlaka ya kuiongeza, hata akikuonea huruma namna gani. Usiende kumlilia. Nenda mahakamani.

Na uende haraka. Anayetaka kukata rufaa ya jinai ana siku 14 tangu hukumu kutoa taarifa yake. Siku 14 ni chache mno kwa mtu wa Nakivale ambaye ndugu yake amehukumiwa mjini, hana nauli, na habari imemfikia kwa mdomo wa dereva wa taksi. Kwa hiyo siku ya hukumu, kama kuna siku moja tu ya kutafuta nauli, ni hiyo. Fika mahakamani ukiwa na tarehe ya kukamatwa umeiandika kwenye karatasi. Ikiwa ndugu yako hana wakili, mwambie, kabla hajasomewa adhabu, anyanyue mkono na aseme kwa lugha yoyote anayoijua: nimekaa ndani tangu tarehe fulani. Katiba, ibara ya 28, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Asione haya kumwomba. Nimewaona vijana wakiitikia kwa kichwa maneno ya Kiingereza wasiyoyaelewa kwa sababu waliogopa kuonekana wajinga.

Mimi mwenyewe nilichelewa kwa mpwa wangu. Hukumu yake ilitolewa siku ya mvua, nami nilijiambia barabara ya kwenda mjini imeharibika, nitafuata nakala wiki ijayo. Nilipoifuata, siku 14 zilikuwa zimepita na miezi yake saba ya mahabusu haikuwa imeandikwa popote. Kuna maombi ya kuongezewa muda, lakini yanahitaji sababu na wakili, na hadi tulipompata, kijana alikuwa amekaribia kutoka. Hilo bado linaniuma.

Theluthi hupotea vipi? Kwanza kwa adhabu. Mfungwa akifanya kosa la nidhamu, anaweza kupokonywa siku kadhaa za punguzo lake. Kujaribu kutoroka, kupigana, kukataa kazi, kukutwa na simu, pesa au bangi. Pili, kuna siku ambazo hazizai kitu: zile anazokaa katika chumba cha peke yake kama adhabu, na zile anazokaa hospitali kwa kosa lake mwenyewe au kwa kujifanya mgonjwa. Mgonjwa wa kweli hapotezi chochote. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu wapo waliojikokota shambani na malaria kwa kuogopa kwamba kulala zahanati kutawaongezea kifungo. Sheria haisemi hivyo. Mwenye homa na aende kwa daktari wa gereza, na aombe iandikwe.

Neno bidii nalo lina kivuli chake. Magereza mengi ya Uganda yana mashamba, na mfungwa hupelekwa kulima. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2011 ilieleza habari za wafungwa waliopigwa na kufanyishwa kazi kupita uwezo wao, wengine katika mashamba ya watu binafsi. Kwa hiyo ukimwambia ndugu yako afanye kazi kwa bidii, mwambie pia kwamba bidii si kukubali kupigwa. Kama amepigwa, akuoneshe alama siku ya kumtembelea, uandike tarehe na jina la gereza, kisha uipeleke habari hiyo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ina ofisi yake ya kanda hapo Mbarara. Kusikilizwa pale hakuna malipo.

Niseme na nyinyi akina mama na dada, kwa upole lakini bila kuficha. Theluthi nyingi hupotea kwa upendo wa familia. Mtu anachimba mkate, anaweka simu ndogo katikati, anaufunga tena kwenye karatasi. Au anashona noti ndani ya pindo la shati. Langoni mkate unakatwa vipande, shati linapapaswa. Simu ikipatikana, ndugu yako ndiye anayeshtakiwa ndani, na wewe unaweza kushtakiwa nje. Umempelekea salamu, umemchotea miezi. Ukitaka kumsaidia, uliza kwanza langoni nini kinaruhusiwa, kisha mpelekee sabuni, dawa ya meno, sukari kama inakubaliwa, na picha ya watoto. Picha ya watoto imewatuliza watu wengi siku ambayo wangepigana.

Kabla mfungwa hajaadhibiwa kwa kosa la nidhamu ana haki ya kuelezwa kosa lenyewe na kujitetea. Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa mali. Katika magereza ya kusini magharibi utasikia Runyankole na Luganda siku nzima, na mkimbizi aliyezoea Kinyarwanda anaweza kuokotaokota maneno. Lakini amri nyingi za askari, tangu enzi za ukoloni, hutolewa kwa Kiswahili, na kila askari anaitwa afande. Mkongomani ana bahati hapo. Msomali au Muethiopia aliyefungwa Mbarara bila Kiswahili yuko katika hatari ya kuonekana mkaidi kwa sababu tu hakuelewa alipoambiwa kaa chini. Nimewahi kumfundisha mzee mmoja wa Kisomali, mahabusu aliyepata dhamana, maneno thelathini hivi kwenye benchi nje ya duka: simama, kaa, foleni, ndiyo afande, naumwa, sikuelewa, naomba mkalimani. Alisema yale mawili ya mwisho angeyapata miezi mitano mapema, asingelala kwenye chumba cha adhabu.

Ndani kuna pia viongozi wa wafungwa wenyewe, wanaoitwa katikiro. Wao hupanga nani alale wapi na nani afanye kazi gani, na wakati mwingine hudai chochote kidogo. Neno lao linaweza kufika kwa afande. Kijana mpya asiwabishie kwa hasira, wala asiamini kwamba katikiro ana uwezo wa kuandika au kufuta rimisheni. Hana. Kitabu kiko kwa ofisa.

Kuhusu kifungo cha maisha, hapa naomba tuwe waangalifu. Mitaani husemwa kwamba maisha ni miaka ishirini. Maneno hayo yalitokana na Sheria ya Magereza yenyewe, ambayo kwa ajili ya kupiga hesabu ya punguzo huhesabu kifungo cha maisha kama miaka 20. Lakini mwaka 2011, katika kesi ya Tigo Stephen, Mahakama ya Juu ilisema kifungo cha maisha ni maisha ya mtu hadi kifo, ingawa punguzo linaweza kukipunguza. Na katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Januari 2009, mahakama hiyo iliamua kwamba waliokaa zaidi ya miaka mitatu wakingoja kunyongwa wageuziwe kuwa kifungo cha maisha bila punguzo. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gereza la Luzira, baadaye akapunguziwa adhabu na mahakama, akatoka mwaka 2016. Kama ndugu yako amepewa maisha, usiwaahidi watoto mwaka wa kurudi. Tafuta wakili aisome hukumu yenyewe. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ina ofisi Mbarara na kazi yake ni wakimbizi.

Msamaha wa Rais ni jambo jingine kabisa. Uko katika ibara ya 121 ya Katiba, una kamati yake ya ushauri, na hauna kalenda. Ndugu zetu wanaosikiliza redio za Tanzania husikia msamaha ukitangazwa siku za sikukuu za taifa, wakadhani na hapa ni hivyo. Usipange maisha juu yake.

Na kwa makosa madogo, yale ambayo adhabu yake ya juu haizidi miaka miwili, muulizeni hakimu habari ya huduma kwa jamii kabla hajatamka neno kifungo. Sheria yake ni ya mwaka 2000. Mtu anafagia zahanati au analima shamba la shule, si zaidi ya saa nane kwa siku wala miezi sita, na analala kwake. Mkimbizi huikosa kwa sababu mahakama haijui anakaa wapi na nani atamsimamia. Barua ya mwenyekiti wa kijiji na ya ofisi ya OPM ikiwa mezani siku hiyo, hakimu anakuwa na kitu cha kushika. Barua hizohizo husaidia kwenye dhamana. Kijana wa yule mama alikaa mahabusu miezi tisa ilhali Katiba inampa mtu wa kosa la namna yake haki ya dhamana baada ya siku 60, kwa sababu hakuna aliyesimama kumdhamini.

Pesa, basi. Bondi ya polisi ni bure. Punguzo la kifungo ni bure. Faini ya mahakama hulipwa benki kwa namba ya malipo inayotolewa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Mapato (URA), nawe unabaki na risiti. Mtu yeyote, awe na sare au na suti, anayekutaka umtumie pesa kwa simu ili aharakishe rimisheni, anakuuzia kitu ambacho ndugu yako anakimiliki. Mwulize jambo moja: nitajie EPD yake. Kama hajui, umeshamjua. Na kama anaijua, mwulize ataisogeza kwa kifungu gani cha sheria.

Mama wa New Congo hakulipa zile laki sita. Alimnunua tena mbuzi wake mmoja, wa pili alikuwa ameshachinjwa. Tulikwenda Mbarara pamoja, tukapanga foleni, tukamwomba ofisa wa kumbukumbu atusomee tarehe. Alikuwa kijana mstaarabu. Aligeuza kitabu kikubwa upande wetu, akaweka kidole kwenye mstari. Hati ilisema miezi 27. Hakimu alikuwa ameitoa miezi tisa siku ileile ya hukumu, kwa Kiingereza, na hakuna katika familia aliyeelewa. Mama aliomba kalamu, akaiandika tarehe ya Septemba kwenye mkono wake, juu kidogo ya bangili.

Kilichobaki kilikuwa kazi ndogondogo. Mwezi mmoja kabla ya tarehe, rudi ukaulize kama kuna siku zilizopotea, maana EPD husogea mbele mfungwa akiadhibiwa. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji na OPM mapema kwamba anarudi, na tangu mwanzo waambie yuko gerezani, ili siku ya uhakiki wa wakimbizi asionekane mtu aliyetoroka makazi na jina lake likaondolewa kwenye karatasi ya familia. Akitoka, asitupe karatasi ya kuachiliwa. Polisi wakimsimamisha njiani kwenda Isingiro, ndiyo itakayomsemea. Mpelekee nguo, kwa sababu zile za njano zinabaki gerezani, na zile alizokamatwa nazo huenda hazimtoshi tena. Beba nauli ya watu wawili.